Sanduku la Kuoshea Dhahabu: Vipingo Vibaya Humlisha Jirani



Wakati wa kiangazi, jembe likiwa limepumzika, watu huja ofisini petu na kila mmoja hutoa kitu mfukoni. Mmoja hufungua kitambaa, mwingine hufungua kibiriti, na ndani mna mchanga kidogo unaometameta. Swali lao ni moja: "Karani, hii ni dhahabu?" Mara nyingi si dhahabu. Lakini mara moja moja ni yenyewe, na hapo ndipo swali la pili hufuata: "Nitaitoaje mchangani bila kuipoteza?"

Wengi wenu mliopata mashamba katika skimu mna jamaa Kakamega, Vihiga, Siaya, Migori au upande wa Lolgorien, na mnajua kwamba mito ya huko ina chembe za dhahabu. Basi mwezi huu twataka kukueleza jinsi ya kutengeneza sanduku la kuoshea mchanga, na hasa vile vipingo vya ndani ambavyo ndivyo vinavyokamata dhahabu. Mbao ni zile zile za kujengea banda la kuku, na kazi ni ya mtu anayejua kushika msumeno na nyundo.

Hatukuandika haya ili uache mahindi yako. Twayaandika kwa sababu watu wanaosha mchanga hata bila shauri letu, na mtu anayeosha kwa sanduku baya hupata hasara tatu: hupoteza dhahabu, hupoteza siku zake, na mwishowe hukimbilia zebaki, ambayo ni sumu.

WALIOTANGULIA

Jambo hili si jipya. Mwaka 1931 bei ya mahindi ilikuwa imeanguka duniani kote, na wakulima wa Kizungu waliokuwa na mashamba makubwa katika nchi hii walishindwa kulipa madeni yao. Mmoja wao, Mmarekani aitwaye L. A. Johnson, alikwenda kutafuta dhahabu katika mito ya Kakamega, akaipata. Habari zikaenea, na wengine wengi wakaacha plau zao wakaenda na karai na masanduku.

Wenyeji wa Kakamega hawakuifurahia habari hiyo. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi kwamba ardhi ya akiba yao ikichukuliwa, watapewa ardhi nyingine badala yake. Mwezi wa Desemba 1932 sheria hiyo ilibadilishwa, ili ardhi yenye dhahabu iweze kuchukuliwa na mwenyewe alipwe fedha tu. Baadaye machimbo makubwa ya Rosterman yalifunguliwa, yakafanya kazi hadi mwaka 1952, kisha yakafungwa.

Nakukumbusha hayo ili ujue mambo mawili. La kwanza, dhahabu huisha, bali udongo ukitunzwa hauishi. La pili, dhahabu na ardhi ni mambo yasiyotengana, na mtu akitazama moja tu atadanganyika. Tutalirudia jambo hili mwishoni.

JINSI DHAHABU INAVYOKAMATWA

Umemwona mama akipeta mtama kwa ungo. Hurusha nafaka juu, upepo huchukua makapi, na punje nzito hurudi ungoni. Upepo ukiwa hafifu, makapi hubaki. Ukiwa mkali, punje nazo huchukuliwa. Sanduku la kuoshea ni ungo huo huo, ila badala ya upepo tunatumia maji.

Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji yanayojaza nafasi ile ile. Mchanga wa kawaida ni mzito mara 2 na nusu au zaidi kidogo. Ule mchanga mweusi wenye chuma ndani yake ni mzito mara 5 hivi. Kwa hiyo maji yanayoweza kuubeba mchanga wa kawaida hayawezi kuibeba kwa urahisi chembe ya dhahabu yenye ukubwa ule ule. Chembe hiyo huburuta chini, karibu na sakafu ya sanduku.

Hapo ndipo kipingo kinapofanya kazi. Kipingo ni kijiti cha mbao kinachokata njia ya maji sakafuni. Maji yakikiruka, nyuma yake hujizungusha kidogo kama yanavyofanya nyuma ya jiwe mtoni. Mzunguko huo mdogo huchezesha mchanga ulio nyuma ya kipingo. Chepesi huinuka na kwenda zake, na kizito huzama na kukaa. Basi kazi ya kipingo si kuziba njia kama boma. Kazi yake ni kuyafanya maji yajizungushe. Mtu asiyelielewa neno hili hujenga vipingo virefu kama ngazi za nyumba, halafu hushangaa.

Nami sijifanyi mjuzi. Nilipokuwa bado chuoni nikisomea ualimu, likizo moja nilikwenda kwa mjomba wangu, nikamwambia kwamba mimi nimesoma na nitamtengenezea sanduku. Nililitengeneza kwa vipingo vya inchi 3, nikaliinua kichwani kwa mawe mengi ili maji yakimbie sana, maana nilidhani maji yakikimbia ndiyo kazi itakwisha upesi. Tuliosha siku tisa. Kila jioni karai ilikuwa karibu tupu.

Siku zote hizo palikuwa na nyanya mmoja wa kijiji kile aliyekaa chini ya mkia wa sanduku letu na karai yake, akiuosha mchanga tuliokwisha kuutupa. Siku ya kumi mjomba alimwuliza, "Mama, huko chini unapata chochote?" Yule nyanya akacheka, akafungua fundo la leso yake, akatuonyesha. Alikuwa na dhahabu nyingi kuliko yetu. Akaniambia, "Mjukuu wangu, usiache kazi. Sanduku lako lanilisha."

Kisha kwa huruma yake akaja akaondoa mawe mawili chini ya kichwa cha sanduku. Siku ile ile tukaanza kuona dhahabu. Haya ninayokuandikia sasa mengine niliyasoma, lakini mengi nilijifunza siku ile.

VITU VINAVYOHITAJIWA

Sanduku tunalolieleza hapa lina urefu wa futi 8 na upana wa inchi 12 kwa ndani. Watu wawili wanaweza kulibeba. Tafuta vitu hivi:

Mbao 2 za inchi 6 kwa 1, kila moja futi 8, kwa sakafu.
Mbao 2 za inchi 8 kwa 1, kila moja futi 8, kwa kuta.
Vijiti vya mbao vya inchi 1 kwa 1, jumla futi 30, kwa vipingo na vifungo.
Kipande cha turubai au nailoni nzito cha kutosha sakafu yote.
Zulia kuukuu lenye manyoya mafupi, au gunia la mkonge lisilotoboka, la kutosha sakafu yote.
Kipande cha wavu wa waya kama ule wa kuanikia kahawa, futi 2 kwa upana wa sanduku.
Wavu mwingine wenye matundu ya nusu inchi, wa kuchujia mawe.
Misumari, na kabari ndogo 8 za mbao.

Mbao za saipresi zafaa. Usichague zilizojikunja. Kama fundi seremala wako yu karibu, mwombe akupigie randa upande wa ndani, maana mbao zenye makovu huzuia mchanga mahali usipotaka.

KUJENGA SANDUKU

Kwanza, laza zile mbao mbili za sakafu ubavu kwa ubavu. Zipigilie kuta huku na huku, kwa nje ya sakafu, ili upana wa ndani ubaki inchi 12 kamili. Juu ya kuta pigilia vijiti vitatu vya inchi 14, kimoja kichwani, kimoja katikati na kimoja mkiani, ili kuta zisipanuke.

Pili, litie sanduku majini usiku kucha kabla ya kulitumia. Mbao zitavimba na nyufa nyingi zitajiziba zenyewe. Kisha tandika turubai sakafuni, maana katikati pana mwungano wa mbao mbili, na chembe ndogo ya dhahabu hupita hata mahali ambapo maji hudondoka tu.

Tatu, tandika zulia juu ya turubai, manyoya yakitazama juu. Lisiwe na makunyanzi. Usilipigilie misumari, kwa kuwa kila siku utalitoa kulifua.

Sasa gawanya sanduku lako katika sehemu tatu. Futi 2 za kwanza upande wa kichwa ziache bila kipingo chochote. Hapo mchanga unaomiminwa hupata nafasi ya kutawanyika na chembe nzito huanza kushuka. Futi 4 za katikati ndizo za vipingo. Futi 2 za mwisho tandaza ule wavu wa waya juu ya zulia, ubanwe vizuri. Wavu huo hukamata dhahabu laini kama unga iliyovipita vipingo, maana kila tundu la wavu ni kama kipingo kidogo.

KUTENGENEZA VIPINGO

Hapa uwe mwangalifu kuliko mahali pengine pote.

Kata vijiti 16, kila kimoja inchi 11 na nusu. Vimepungua nusu inchi kuliko upana wa sanduku ili viingie na kutoka bila kugongwa, hata mbao zikivimba. Urefu wa kipingo kwenda juu ni inchi 1, usizidishe. Ikiwa dhahabu ya mto wako ni laini sana, robo tatu ya inchi yatosha.

Vipange vipingo vyako sakafuni ukiacha nafasi ya inchi 2 kati ya kimoja na kingine. Kipingo ni inchi 1, nafasi ni inchi 2, jumla inchi 3. Futi 4 ni inchi 48, na 48 ukigawanya kwa 3 unapata 16. Ndiyo maana tumekata vijiti 16.

Halafu chukua vijiti viwili vya futi 4, uvilaze juu ya ncha za vipingo, kimoja kila upande, uvipigilie. Umepata kitu kama ngazi fupi. Angalia sana: vijiti hivyo virefu vikae juu ya vipingo, wala si chini. Vikikaa chini, vipingo vitaning'inia juu ya zulia, maji yatapita chini yake, nayo dhahabu itapita pamoja na maji. Ingiza ngazi hiyo sandukuni, kisha igandamize kwa vijiti vifupi vilivyopigiliwa ukutani na kabari zilizogongwa kati yake na ngazi. Jaribu kupitisha ncha ya kisu chini ya kipingo. Ikipita, ongeza kabari.

Ukitaka vipingo bora zaidi, inamisha kidogo uso wa kila kipingo kwa randa, ili sehemu ya juu itokeze upande wa mkia wa sanduku kama ukingo wa paa. Au pigilia juu yake ukanda mwembamba wa chuma uliotokeza robo inchi upande huo huo wa mkia. Chini ya ukingo huo maji hujizungusha kwa nguvu zaidi na kuuzuia mchanga usigande. Wachimbaji wa nchi nyingi wametumia ukingo wa namna hii kwa miaka mingi. Lakini kama ni sanduku lako la kwanza, vijiti vya kawaida vyatosha. Jifunze navyo kwanza.

KULIWEKA SANDUKU NA KUPIMA MAJI

Usiliweke sanduku katikati ya mto. Liweke kando, pahali pakavu na pagumu, ukalete maji kwa mfereji mdogo, mpira au ndoo. Kichwa kiwe juu kuliko mkia kwa inchi 1 kwa kila futi ya urefu. Sanduku letu ni futi 8, basi kichwa kiwe juu kwa inchi 8. Ubavu kwa ubavu liwe sawa kabisa. Kama huna pima maji ya fundi, jaza maji chupa yenye kioo safi, acha nafasi ya kipovu kimoja, ilaze, utazame kipovu kinakaa wapi.

Maji yapitayo juu ya vipingo yawe na kina cha inchi 1 hadi 2, yaani yaweze kusukuma kijiwe chenye ukubwa wa punje ya haragwe mpaka mkiani. Kisha mimina mabeleshi machache ya mchanga, usimame utazame. Vipingo vyenyewe vitakueleza.

Ukiona nafasi kati ya vipingo zimejaa mchanga uliogandamana kama saruji, maji ni machache au mwinamo ni mdogo. Ongeza kidogo. Ukiona nafasi zimefagiwa tupu na zulia laonekana, maji ni mengi au mwinamo umezidi. Punguza. Ukiona mchanga ulio nyuma ya kipingo unacheza polepole, kama uji unaoanza kuchemka, na mchanga mweusi unaanza kukaa, basi usiguse kitu. Hapo umepata.

Kuna jambo lingine ambalo wengi husahau. Udongo wa mfinyanzi ni mwizi. Donge la mfinyanzi likibingirika sandukuni, chembe za dhahabu hujigandisha juu yake na kusafiri nalo mpaka nje. Kwa hiyo loweka udongo wako katika pipa au debe, uuvunje kwa mikono au kwa mti mpaka uwe tope jepesi, ndipo uumimine. Na mawe yote makubwa yachujwe kwa ule wavu wa nusu inchi, maana jiwe likikwama kwenye kipingo huyapotosha maji. Mimina kidogo kidogo bila kukoma, usirundike.

Kila siku, mara mbili au tatu, chukua karai ya mchanga unaotoka mkiani, uuoshe kwa mkono. Ukiona dhahabu humo, simamisha kazi urekebishe. Usingoje nyanya wa kijiji aje kukuambia.

KUTOA DHAHABU

Mchanga mweusi ukifika nusu ya urefu wa vipingo, au jioni ikifika, punguza maji yabaki kijito chembamba. Toa kabari, inua ngazi ya vipingo ukiisuuza juu ya sanduku lile lile. Kunja zulia kuelekea ndani kama mkeka, ulitie katika beseni, ulifue mpaka liwe safi. Usilikung'ute nje.

Uoshe mchanga wa beseni kwa karai, polepole. Ukikauka, pitisha sumaku iliyofungwa kwa karatasi ili kuondoa ule mchanga wenye chuma. Sehemu ndogo inayobaki pepeta kwa pumzi juu ya karatasi nyeupe. Kama una shaka, igonge chembe kwa msumari juu ya chuma. Dhahabu hubonyea na kutandazika. Ile madini ya manjano inayodanganya watu hupasuka ikawa unga. Na vile vigamba vyepesi vinavyong'aa juani huacha kung'aa ukivitia kivulini, bali dhahabu ni ya manjano hata kivulini.

ZEBAKI: USIILETE NYUMBANI

Watu wengi wakiona dhahabu ni laini hununua zebaki, huichanganya na mchanga kwa mikono mitupu, halafu huichoma jikoni juu ya jiko ambalo mama hupikia ugali. Moshi wake hauonekani sana wala haunuki, lakini ni sumu kali. Huharibu ubongo, mishipa na figo. Mikono huanza kutetemeka. Mama mwenye mimba humdhuru mtoto aliye tumboni bila kujua. Hata ukichomea nje, moshi hutua juu ya mboga na katika maji.

Zebaki ikiingia mtoni haipotei. Vijidudu vya matopeni huigeuza ikawa sumu mbaya zaidi, samaki huila, nasi tunamla samaki. Huko Minamata, nchini Japani, zebaki kutoka kiwandani iliingia baharini, na mwaka 1956 ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi. Watu waliokula samaki wa ghuba ile walipooza, na watoto walizaliwa na ulemavu. Kwa sababu hiyo mataifa yamefanya mkataba wenye jina la mji huo ili kupunguza na kukomesha matumizi ya zebaki, na Kenya imo katika mkataba huo.

Basi ona faida ya vipingo vizuri. Mtu mwenye sanduku baya hubaki na beseni kubwa la mchanga lenye dhahabu iliyotawanyika, akaona hakuna njia ila zebaki. Mwenye sanduku zuri hubaki na kikombe kimoja cha mchanga mzito, ambao subira na karai vyaweza kuumaliza. Katika milima ya Benguet, Ufilipino, wachimbaji wadogo wameyeyusha mchanga wao mzito kwa boraksi kwa miaka mingi bila zebaki. Boraksi husaidia uchafu kuyeyuka na kujitenga, na dhahabu hukaa chini. Kazi hiyo yahitaji moto mkali na mtu aliyefundishwa. Usiijaribu peke yako.

SHERIA NA SHAMBA

Kuwa na hati ya shamba si kuwa na madini yaliyo chini yake. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yote ni mali ya Jamhuri, na serikali ya taifa huyashika kwa niaba ya wananchi. Lakini sheria hiyo hiyo imemkumbuka mtu mdogo. Raia wa Kenya aliyefikia umri wa utu uzima aweza kuomba kibali cha uchimbaji mdogo katika ofisi ya madini ya kaunti. Kibali hutolewa kwa muda usiozidi miaka 3. Ni vema kuomba mkiwa kikundi. Uliza pia juu ya maji na kingo za mto, maana vina sheria zake. Mtu akija kukuambia utie sahihi karatasi ili achimbe shambani mwako, usitie kabla ya kuionyesha ofisi. Kumbuka ya mwaka 1932.

Maji machafu yatokayo mkiani usiyarudishe mtoni moja kwa moja. Chimba shimo, yatulie humo, matope yashuke, ndipo maji safi yatoke. Chini yako kuna mwenzako anayenywesha ng'ombe. Udongo mweusi wa juu utenge upande mmoja kabla ya kuchimba, ili uurudishe juu utakapofukia. Ukiuchanganya na mchanga, pahali hapo hapatakupa hata gunia moja la mahindi kwa miaka mingi.

Na mashimo yafukie siku ile ile unapoyamaliza. Tulipokuwa kwa mjomba, baada ya yule nyanya kutufundisha, tuliendelea vizuri majuma kadhaa, tukafurahi. Maharagwe hayakupaliliwa, tukasema haidhuru. Usiku mmoja mvua ilinyesha, mashimo yakajaa maji, na asubuhi tukamkuta mtamba wa jirani amezama katika shimo letu. Dhahabu yote ya msimu ule ilikwenda kumlipa jirani, na bado mjomba aliongeza mbuzi mmoja ili wapatane. Maharagwe nayo yalikuwa yamekwisha kumezwa na magugu. Mjomba hakunilaumu. Alichukua sururu akaanza kufukia, nami nikachukua beleshi.

DAFTARI

Neno la mwisho ni la karani, na utanisamehe. Nunua daftari. Kila siku andika tarehe, watu wangapi walifanya kazi, madebe mangapi mlioosha, na dhahabu kiasi gani. Wanunuzi hupima kwa pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Mwombe mnunuzi aonyeshe kwamba mizani yake inasoma sifuri kabla ya kuweka dhahabu yako, na uuze ikiwa kavu na safi ili asipate sababu ya kukukata.

Kila mwisho wa mwezi gawanya fedha ulizopata kwa siku za kazi, za kwako na za watoto wako wakubwa waliokusaidia. Watoto wa shule wasiwemo, mahali pao ni darasani. Halafu jiulize: siku hizo kama ningezitumia kupalilia, kukata majani ya ng'ombe au kufanya kibarua, ningepata nini? Jibu likiwa kwamba dhahabu imeshinda, osha wakati wa kiangazi. Likiwa kwamba shamba limeshinda, tundika sanduku lako juu ya boriti za ghala, lingojee mwaka mwingine. Hasa kama bado unalipa deni la shamba, usiache msimu wa kupanda ukupite kwa ajili ya chembe usizoziona bado.

Sanduku hili halitakutajirisha upesi, wala hatukuahidi hivyo. Likitengenezwa vema litakupa kile kilichomo mchangani mwako, kiwe kidogo au kikubwa, bila kukupokonya afya yako wala maji ya jirani. Ukikwama, njoo ofisini na kipingo chako mkononi. Tutakipima pamoja.